Mchezo Bila Daftari

Ndugu zangu wa Port Reitz, sisi ni watu wa hesabu. Sijui mtaa mwingine wa Mombasa wenye watu wengi kiasi hiki wanaokula kwa kuhesabu. Upande wa Kipevu makarani husimama chini ya kreni usiku kucha wakiandika namba za makasha, na mwaka 2024 bandari yetu ilipitisha makasha zaidi ya milioni 2 kwa kipimo cha futi 20, jambo lisilowahi kutokea kabla. Upande wa uwanja wa ndege sanduku halipandi mpaka lipimwe kilo zake. Makanga wa Magongo anajua mapema ni tripu ngapi zimebaki ili mwenye gari apate hesabu yake ya siku. Mama wa mahamri hahitaji kuambiwa kilo moja ya unga inatoa mangapi. Kisha yafika Jumapili jioni, timu ya mtaa inaingia uwanjani, na sote twasahau kuhesabu.

Mechi ikiisha twauliza, "Ngapi ngapi?" Twajibiwa mbili kwa moja, basi, yamekwisha. Ni nani aliyepoteza mpira uliozaa bao la pili, na hiyo ni mara ya ngapi kuupoteza pale pale? Kona zetu zote ziliangukia wapi? Winga wetu anayesifiwa kwa chenga alipiga krosi ngapi zilizomfikia mwenzake? Hakuna ajuaye. Barazani kila mtu ana maoni yake, na mwenye sauti kubwa ndiye huondoka na ushindi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo tumeuacha dukani, uwanjani hatujaufikisha.

Wala msiniambie kwamba vijana wetu hawapendi takwimu. Kaeni nao Jumamosi asubuhi wakiandaa jackpot ya kamari ya mpira. Kijana ambaye hajui timu yake mwenyewe ilifunga mabao mangapi msimu uliopita atakueleza Arsenal hupata kona ngapi kwa mechi, Liverpool hufunga zaidi kipindi gani, na refa yupi wa Uingereza ana mkono mwepesi wa kadi. Akili ya kuchambua anayo, subira anayo, simu anayo. Ila ameikodisha akili hiyo kwa watu wa mbali, na kodi analipa yeye. Jambo hili huniuma kuliko uwanja wenye mashimo na nyavu zilizochanika, maana uwanja unahitaji fedha, na hili halihitaji.

Faida ya hesabu si kubwa kwa macho, na ndiyo sababu huidharau asiyeijua. Mcheza tenisi Roger Federer alipowahutubia wahitimu wa Chuo cha Dartmouth mwezi wa Juni 2024, aliwatajia hesabu ya maisha yake: alicheza mechi 1,526 za mmoja kwa mmoja na kushinda karibu asilimia 80. Lakini ukikusanya pointi zote alizozigombea, alishinda asilimia 54 tu. Vuteni pumzi, msome tena. Bingwa wa dunia alikuwa akikosa pointi karibu moja katika kila mbili, na mataji yote yale yalitoka katika ziada ya pointi nne katika kila mia juu ya nusu. Jicho la mtazamaji, hata liwe kali namna gani, haliwezi kutofautisha hamsini na nne na hamsini. Kalamu yaweza.

Au tazameni mchezo mchanga uitwao pickleball, uliobuniwa mwaka 1965 katika kisiwa cha Bainbridge huko Marekani ili kuwashughulisha watoto walio likizoni, na ambao leo una wachezaji wa kulipwa na ligi zao. Uwanja wake ni wa kadiri ya badminton, mpira ni wa plastiki wenye matundu, na hupigwa kwa kibao. Mgeni akiutazama hudhani kwamba anayeanzisha mpira ndiye mwenye nafuu, kama ilivyo katika tenisi. Waliokaa na kalamu wakaona kinyume chake. Sheria yataka mpira udunde mara moja kila upande kabla ya mtu yeyote kuruhusiwa kuupiga ukiwa hewani. Hivyo walioanzisha hulazimika kungoja nyuma, na wapokeaji huwahi mbele, kwenye mstari ulio futi 7 kutoka wavuni, wakatawala. Wakicheza wawili wawili, wapokeaji ndio hushinda mapigano mengi. Na kwa kuwa katika hesabu ya asili pointi hupewa upande ulioanzisha peke yake, mazoezi ya mabingwa yakaelekezwa kwenye pigo moja, la tatu: mpira mwororo, usio na mbwembwe, unaoanguka karibu na wavu na kuwapa walioanzisha muda wa kusogea mbele. Nani angelipenda pigo hilo kwa kutazama tu? Watazamaji hupigia makofi nguvu.

Turudi nyumbani. Mombasa ilitoa bingwa wa ligi ya Kenya mwaka 1965, timu ya Feisal. Leo waulizeni wazee watatu ni nani aliyefunga mabao mengi msimu ule, na mtapewa hadithi tatu tamu zinazopingana. Klabu ya Bandari nayo ilitwaa ngao ya shirikisho mwaka 2015 na tena 2019, ikashika nafasi ya pili ligini nyuma ya Gor Mahia, na chini ya kocha Bernard Mwalala ikaenda Kombe la Shirikisho la Afrika, ikazitoa Al-Ahly Shendi ya Sudan na Ben Guerdane ya Tunisia kabla ya kuzuiwa na Horoya ya Guinea. Sisemi ilikosa ubingwa kwa kukosa daftari. Klabu kubwa zina wataalamu wao. Nasemea huku chini zinakotoka timu hizo. Kijana wa Chaani au Mikindani huenda kwenye majaribio akiwa na viatu na jina, na jina lenyewe ni la utani. Hana karatasi yoyote inayosema alicheza dakika ngapi, nafasi gani, alifunga au aliokoa mangapi. Kocha humpa robo saa na kumhukumu kwa robo saa hiyo.

Wako watakaosema mpira ni kipaji na hesabu ni ya wasiojua kucheza. Jens Lehmann, kipa wa Ujerumani, alijua kudaka. Hata hivyo, Juni 30, 2006, Berlin, Ujerumani na Argentina zilipofikia mikwaju ya penalti katika robo fainali ya Kombe la Dunia, kipa huyo alikuwa na kikaratasi ndani ya soksi. Kocha wa makipa, Andreas Köpke, alikuwa ameandika kwa penseli kwenye karatasi ya hoteli wapigaji wa Argentina na tabia zao. Lehmann akaokoa mbili. Lenye kuchekesha ni hili: mpigaji wa mwisho, Esteban Cambiasso, hakuwamo kwenye orodha! Lehmann alichomoa karatasi, akaitazama, akairudisha, akauzuia mkwaju wake. Huenda hofu ya mpigaji ilifanya kazi ambayo penseli haikuifanya.

Lakini kuhesabu vibaya ni hatari kuliko kutohesabu, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Mwaka 1950, katika mechi ya Swindon Town, Mwingereza Charles Reep, mhasibu katika jeshi la anga, alianza kuandika kila pasi, na akaendelea kwa miaka mingi. Akaona kwamba mabao mengi hutokana na pasi tatu au pungufu. Akahitimisha: basi mpira upigwe mbele haraka. Makocha wakamfuata, na kwa muda mrefu Uingereza ikapiga mipira mirefu kwa jina la sayansi. Kosa lilikuwa wapi? Karibu kila mara timu hupoteza mpira kabla ya pasi ya nne. Lazima mabao mengi yatoke huko, maana huko ndiko liliko kundi kubwa. Swali la haki lilikuwa: katika kila mara mia za kushika mpira kwa pasi nyingi, na mara mia kwa pasi chache, mabao ni mangapi? Watafiti wa baadaye walipouliza hivyo, jibu liligeuka. Kwa hiyo msije mkaandika mechi mbili na kuja barazani kumfukuza beki wa kushoto. Andikeni mechi kumi, kisha ulizeni kila mara: katika ngapi?

Kazi yenyewe ni hii. Nunueni daftari la shule lenye mistari, bei yake ni chai na mahamri. Mtafuteni mtu mmoja asiyecheza na asiye na ndugu kikosini. Binti wa kidato cha tatu anayependa hesabu atafaa, na karani mstaafu wa bandarini atafaa zaidi, maana mkono wake umezoea kuandika kitu kinachopita haraka. Mchoreeni uwanja, muugawanye mapande sita. Asiandike mambo ishirini, atachoka kabla ya mapumziko. Mambo manne yatosha: tulipoteza mpira pande lipi, mashuti yaliyolenga goli na walioyapiga, kona ziliangukia wapi, na dakika tulizofungwa. Kando, ukurasa wa nyuma, aandike penalti zote za ligi ya mtaa atakazoziona: nani alipiga, mguu upi, upande gani, chini au juu. Timu zetu hukutana zenyewe kwa zenyewe mwaka baada ya mwaka, na wapigaji ni wale wale.

Daftari likae kwa katibu, si kwa kocha, ili kocha akiondoka lisiondoke naye. Jumatatu jioni lisomwe mbele ya wachezaji kwa adabu, bila kumtaja mtu kwa kejeli, na kila mchezaji aruhusiwe kunakili mistari yake mwenyewe aende nayo kwenye majaribio. Kocha akisema hana haja nalo, msigombane naye. Mpeni kipa ule ukurasa wa nyuma.