Tuwarudishie Watoto Jioni Yao

Ndugu walimu, imekuwa desturi katika miji yetu ya Uganda mtoto wa shule ya msingi kuamshwa kungali giza, akafunzwa mchana kutwa, kisha akabakizwa kwa masomo ya ziada. Jumamosi nayo ina kwaya, kandanda, mdahalo na, tukiri bila ya haya, chama cha Kiswahili. Wazazi hulipa, nasi hupokea. Mtoto ndiye asiyeulizwa.

Wako wanaotujibu kwamba mtihani wa darasa la saba hauna huruma, na kwamba mtoto achezaye hupoteza wakati. Rai hiyo hatuikubali. Mweso, mchezo wa Waganda, una mashimo 32 na kete 64, sawasawa na bao la pwani. Mtoto auchezaye huhesabu, hugawa, hupima hila za mwenziwe na hujifunza kushindwa bila ya kununa. Ni kitabu gani kifunzacho yote hayo?

Wengine hudai kuwa michezo imo tayari katika ratiba. Lakini mchezo wenye kocha, filimbi na kombe la kugombea ni kazi nyingine juu ya kazi. Mtoto anahitaji pia mchezo alioubuni mwenyewe na wenzake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Uganda iliuridhia mwaka 1990, unataja katika kifungu cha 31 kwamba mapumziko na michezo ni haki. Hausemi kuwa ni tuzo ya aliyefaulu.

Nasi walimu wa Kiswahili tuna lawama yetu. Tangu katiba iliporekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili, tumekitafutia nafasi kwa kila njia, hata kwa kuinyang'anya nyumba jioni yake. Hasara inaturudia wenyewe. Mtoto aliyeketi na bibi yake, akaambiwa "Koyi koyi" naye akaitika "Lya", haoni ugeni siku tumwambiapo "Kitendawili" naye ajibu "Tega". Aliyenyimwa jioni hiyo tunamfunza maneno matupu, kwani hana fumbo wala hadithi ya kuyatia ndani. Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Je, mama atamfunza saa ngapi, ikiwa twamrudisha akisinzia?

Basi twapendekeza haya. Chama cha Kiswahili kikutane mara moja kwa juma, ndani ya saa za shule, bila ya ada. Kazi ya nyumbani isiwe kunakili kurasa, bali kuwauliza wazee methali moja na kuifasiri kwa Kiswahili. Jumamosi irudi kwa wenyewe.

Twajua kwamba ada hiyo huongeza mishahara yetu midogo, na kuikosa kutatuuma. Lakini nyongeza ya mshahara hudaiwa kwa mwajiri; haidaiwi kwa usingizi wa mtoto.