KIPANDE KIPYA CHAANDIKWA NG'AMBO

Ndugu wafanyakazi wa Meru na Embu,

Siku hizi kila tukutanapo, iwe Maua, Nkubu, Runyenjes au Embu mjini, habari ni moja: nani amepata viza na nani amenyimwa. Vijana waliosomea uuguzi wangoja Uingereza. Wasichana waliokosa kazi wangoja Saudi Arabia. Wazazi wanauza ng'ombe, na wengine wanaweka shamba rehani ili wamlipe wakala. Yafaa chama kiseme neno juu ya jambo hili, kwa maana anayeondoka ni mfanyakazi, na mfanyakazi haachi kuwa ndugu yetu kwa sababu amevuka bahari.

Wengi hudhani safari hizi huanzia hapa kwetu, katika umaskini wetu au tamaa ya vijana. Umaskini upo, hatukatai. Lakini umaskini tunao tangu zamani, na watu hawakwenda namna hii. Anayeamua nani aende, mwaka gani na kwa kazi gani, ni mwenye mali, kwa sheria aliyoiandika kwa haja yake mwenyewe.

Tazameni Uingereza. Ilipojitoa katika Umoja wa Ulaya, ruhusa ya watu wa Poland na Romania kuingia watakavyo ilikwisha mwishoni mwa 2020. Julai 2021 Serikali yetu na ya Uingereza zikatia sahihi mapatano juu ya wauguzi. Nyumba za kutunza wazee nazo zilikuwa zimepungukiwa na watu, na Februari 2022 mlango ukafunguliwa kwa watunza wazee wa kutoka ng'ambo. Watu wakaenda kutoka Nigeria, Zimbabwe, India na kwetu. Kisha wapiga kura wa kule wakanung'unika kwamba wageni wamezidi. Tarehe 11 Machi 2024 mtunza wazee akakatazwa kwenda na mume, mke au watoto. Tarehe 22 Julai 2025 mlango huo ukafungwa kwa yeyote aliye ng'ambo. Haikufika hata miaka minne. Aliyekopa fedha mwaka 2024 ili ajifunze kazi hiyo amebaki na deni, na waliofunga mlango hawakumwuliza.

Ndugu zetu wa Igembe waujua mlango huo kwa upande mwingine. Juni 2014 Uingereza hiyo hiyo ilipiga marufuku miraa. Bunda la miraa likakataliwa, na miaka 7 baadaye muuguzi wa kutoka nchi ile ile akakaribishwa. Mkulima akizuiwa kuuza zao lake, mwanawe atauza mikono yake. Basi wale wanaolalamika kwamba wageni wamejaa kwao wakumbuke pia soko walilolifunga.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuumiza zaidi. Wazee wetu walikijua kipande. Kilitokana na sheria ya mwaka 1915, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza kila mwanamume Mwafrika mzima alipaswa kuwa nacho, na wengi walikivaa shingoni. Tajiri asipotia sahihi ya kukuachilia, hukuweza kuajiriwa kwingine. Ukiondoka bila sahihi, wewe ni mtoro, na utashtakiwa. Ubaya wa kipande haukuwa karatasi. Ubaya ulikuwa kwamba mtu mmoja alishika mshahara wako na ruhusa yako ya kuwapo.

Viza ya mtunza wazee wa Uingereza imefungwa kwa jina la tajiri mmoja. Akikufukuza, au akinyang'anywa leseni, kwa kawaida wapewa siku 60 utafute mwingine au urudi kwenu. Katika Saudi Arabia mageuzi ya mwaka 2021 yaliwaruhusu wafanyakazi wengi wa makampuni kubadili tajiri, lakini watumishi wa nyumbani waliachwa nje. Msichana wetu akikimbia kupigwa, huandikwa mtoro. Ni neno lile lile la wakati wa babu zake. Mtu asiyeweza kuacha kazi hawezi kudai mshahara wake, wala hawezi kuingia chama kwa moyo mkunjufu.

Wako wanaosema Serikali yetu na ifunge njia. Ilijaribu mwaka 2012, na tena mwaka 2014, kuzuia watumishi wa nyumbani kupelekwa nchi za Kiarabu. Watu hawakuacha kwenda. Walipita njia za panya, bila mkataba wala mtu wa kuwatetea. Akifunga mwenye mali nasi tukafunga, anayefaidika ni wakala mwongo.

Wako pia wanaosema tunyamaze, kwa kuwa fedha zinakuja. Ni kweli zinakuja. Mwaka 2024 Wakenya walio ng'ambo walileta zaidi ya dola bilioni 4.9, na karo nyingi za hapa kwetu zimelipwa kwa fedha hizo. Hatuzidharau. Lakini nazo zimo mkononi mwa wenye sheria: tangu 1 Januari 2026 Marekani yatoza asilimia 1 juu ya fedha taslimu zinazotumwa nje. Na muuguzi aliyefunzwa Embu, Nkubu au Chogoria, tumemlea sisi. Kwamba aweza kukaa nyumbani bila kazi huku wodi zikikosa wauguzi, hilo si kosa la London. Hilo twaiuliza Serikali yetu wenyewe.

Tusiwachukie wafanyakazi wa kule. Aprili 1954 maelfu ya watu wa Kikuyu, Embu na Meru walikamatwa Nairobi na kuondolewa, na kazi zao zikapewa watu wa makabila mengine. Waliochukua kazi hizo hawakuwa wameandika amri ile. Vivyo hivyo mtunza wazee wa Kiingereza si adui yetu. Chama cha UNISON cha kule kimekuwa kikidai kwamba mfanyakazi mgeni asifungwe kwa tajiri mmoja. Hilo ndilo shauri la kuungwa mkono.

Kwa hiyo twadai haya. Kwanza, mapatano yoyote ya kupeleka wafanyakazi yasitiwe sahihi kabla vyama vya wafanyakazi havijayaona. Pili, yaandikwe wazi kwamba mfanyakazi aweza kubadili tajiri bila kufukuzwa nchini. Tatu, gharama za wakala zilipwe na tajiri. Nne, mkataba uandikwe pia kwa Kiswahili, na nakala ibaki kwa jamaa. Tano, nchi ikichukua wauguzi wetu, nayo isaidie kufundisha wengine.

Na wewe ndugu uliye na mtoto anayejiandaa kusafiri, usiweke shamba rehani kabla ya kuuona mkataba. Ulete katika ofisi ya chama, tuusome pamoja. Mlango wa ng'ambo hatuna ufunguo wake. Lakini aingiaye aweza kuingia akijua haki zake, na akiwa na chama nyuma yake.

Umoja ni nguvu.