Namba yenye tarakimu 617 na wazazi wasiojulikana

Hapa Masalani ukikutana na mzee wa Kisomali njiani, jina lako pekee halimtoshi. Anataka abtirsi: wewe, baba, babu, baba ya babu, mpaka afike kwa mtu anamjua. Kuna watoto wanaikariri kabla hata hawajajua kuandika.

Sasa warya, namba nazo zina abtirsi. Chukua 60. Ipasue vile unataka, anza na 6 mara 10 ama 4 mara 15, mwisho utafika kwa wale wale: 2, 2, 3 na 5. Kila namba inayogawanyika ina ukoo mmoja tu wa namba tasa. Hiyo tulifunzwa, tukafanya mtihani, tukasahau.

Chenye hatukuambiwa ni kwamba kuna namba dunia nzima inajua ina wazazi wawili na hakuna mtu amewahi kuwataja hadharani. Inaitwa RSA-2048. Ina tarakimu 617. Ukitaka kumtumia rafiki kwa SMS utaikata jumbe nne. Ilipatikana kwa kuzidisha namba tasa mbili, basi. Kulikuwa na zawadi ya dola 200,000 kwa atakayezipata, shindano likafungwa 2007 na pesa haijachukuliwa.

Utauliza, kama huwajui wazazi, unajuaje namba si tasa? Hapa ndipo hesabu hunimaliza. Chukua 2, ijizidishe mara moja chini ya namba yako, halafu gawanya. Kwa 7: 2 mara sita ni 64, toa 63, inabaki 1. Kwa 9: 2 mara nane ni 256, toa 252, inabaki 4. Namba tasa yoyote kubwa kuliko 2 lazima ibakishe 1. Ikibaki kingine, imeshikwa, na hujagusa kigawo chake hata kimoja! (Kuna wajanja. 341 inabakisha 1 na ni 11 mara 31. Kwa hivyo 1 si cheti, bana.)

Kujua inagawanyika ni rahisi, kuipasua ndio balaa. Tovuti nyingi zinalinda siri zako kwa namba za ukubwa huo huo, na kufuli yote ni hiyo: kuzidisha ni sekunde, kurudi nyuma hakuna njia inayojulikana ambayo kompyuta za leo zingeimaliza. Ndugu yake mdogo, RSA-250 wa tarakimu 250, alipasuliwa Februari 2020, kwa kazi ambayo kompyuta yenye kiini kimoja ingeifanya karibu miaka 2,700.

Hiyo Februari 2020 naikumbuka kwa sababu nyingine. Januari walimu waliuawa Kamuthe, na walimu wengi wasio wenyeji wakahamishwa kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Siwalaumu, nani hataki kuishi? Lakini darasa letu lilikaa na ubao mtupu saa ya hesabu, na kuna wenye walihitimisha hapo kwamba hesabu si ya watu wa huku. Mpaka leo nawasikia wakisema wana vichwa vibovu. Wallahi huo ni uongo. Mtoto anayebeba vizazi kumi kichwani bila karatasi ana kichwa cha kutosha, alikosa mtu wa mbele ya ubao. Kila mkutano tunaitisha barabara na maji, na ni haki yetu. Mimi naomba mwalimu wa hesabu asimame kwa orodha hiyo hiyo, si chini yake.

Wiki jana nilimpa binamu yangu 91, nikamwambia asitafute vigawo. Akagundua mwenyewe kwamba 2 mara kumi na mbili ni 4,096, na ukigawanya kwa 91 inabaki 1. Kwa hivyo mara 84 pia inabaki 1, zimebaki sita, na hizo ni 64. "Si tasa," akasema, kisha akaanza kutafuta wazazi.