Fundi wa Baiskeli Akiumia

Huenda umempeleka mpwa wako Kipkelion akajifunze ufundi wa baiskeli. Milima ya huko hula breki upesi, kazi haikosi. Kijana ananyoosha rimu, anakaza spoki, anachomelea fremu bila miwani. Siku cheche inapomwingia jichoni, mwenye kibanda husema: "Huyu ni mwanafunzi tu, si mfanyakazi wangu."

Sivyo. Sheria ya majeraha ya kazini ya mwaka 2007 inamhesabu mwanagenzi kuwa mfanyakazi, hata kama walipatana kwa mdomo. Tajiri analazimika kumkatia bima, na akishapata habari za ajali aipeleke kwa Idara ya Usalama na Afya Kazini katika siku 7. Asipokuwa na bima, fidia ni deni lake.

Wenye vibanda wengi hudhani bima ni ya viwanda vya chai vya Kericho. Lakini ada yake hupigwa kwa jumla ya mishahara. Kibanda cha watu wawili hakitozwi kama kiwanda. Na miwani ya kuchomelea je? Mwenye kuikosa ana lake jambo!

Ubaya ni kwamba wazazi hunyamazishwa kwa nauli ya hospitali. Wakati huo miezi inahesabika: dai lisipowasilishwa katika miezi 12, haki yaweza kupotea. Na si haki ndogo, maana asiyeweza tena kufanya kazi kabisa hulipwa mapato ya miezi 96. Karatasi za daktari zitunze tangu siku ya kwanza.