Bukari ibaki bukari: majina ya chakula chetu ni kazi ya kitivo chetu

Mgeni anayependa kula akifika Lubumbashi, mara nyingi anaondoka bila kuila Lubumbashi. Katika restora nyingi za katikati ya mji, menyu imeandikwa kwa Kifaransa, na chakula cha nchi hii kimewekwa mwishoni, chini ya kichwa kimoja: chakula cha Kikongo. Hapo utakuta pondu, makayabu na liboke. Ni vyakula vizuri, wala sina ugomvi navyo, lakini majina hayo yamekuja kutoka Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa. Chikanda haimo. Vinkubala havimo. Munkoyo haumo. Hata sombe, inayopikwa katika nyumba zetu karibu kila juma, ikiingia katika menyu hiyo inalazimishwa kuitwa pondu.

Watasema wengine kwamba hayo ni mambo ya wenye hoteli na ofisi ya utalii. Mimi nasema ni mambo ya kitivo cha lugha. Menyu ni maandishi. Yanayokosekana pale si mapishi, kwa maana mama zetu wanayajua. Yanayokosekana ni majina, na hakuna kitivo kingine katika chuo hiki chenye kazi ya kushughulikia majina kuliko sisi.

Tutazame kwa jirani. Mgeni anayekwenda Zanzibar anafika bustani ya Forodhani akiwa tayari anajua neno urojo. Hakuna aliyemtafsiria kuwa ni supu ya kienyeji. Ameambiwa jina, analitafuta, analipata. Mbali zaidi, Ufilipino, wasafiri wapenda chakula hawatafuti chakula cha Kifilipino kwa jumla. Wanakwenda Pampanga kula sisig, wanakwenda Bicol kula laing, ambayo ni majani ya magimbi katika tui la nazi, na wanakwenda Ilocos kula pinakbet. Kila jimbo lina jina lake mezani, na jina hilo ndilo linalomfanya mtu apande basi. Sisi tuna chakula cha namna hiyo, ila tunakitolea mgeni bila kukitaja.

Najua pingamizi la kwanza, maana tunalisikia kila tunapozungumzia Kiswahili cha hapa. Watu watasema: bukari ni ugali, basi andikeni ugali kama Kiswahili sanifu kinavyotaka; lengalenga ni mchicha; sombe ni kisamvu; ndakala ni dagaa. Katika mtihani wa sarufi hoja hiyo ina nguvu, lakini mezani haina. Jina la chakula halitaji kitu peke yake, linataja pia mahali na historia. Jani la muhogo ni lile lile Dar es Salaam, Kinshasa na Lubumbashi, lakini kisamvu chenye nazi si sombe yenye mafuta ya mawese, na mgeni aliyekula kimoja hajala kingine. Tena Kiswahili cha mji huu si kipya katika maandishi. Ile historia ya mji wa Elisabethville inayojulikana kama Vocabulaire, ya mwaka 1965, iliyotungwa na André Yav kwa ajili ya watumishi wa nyumbani wa zamani, iliandikwa kwa lugha hiyo. Watu waliopikia wengine na kufua nguo za wengine waliona kwamba Kiswahili chao kinatosha kubeba historia yao. Leo kitashindwaje kubeba menyu?

Bukari yenyewe ina historia ya kumweleza mgeni. Reli kutoka kusini ilifika hapa mwaka 1910, mwaka ule ule mji ulipoanzishwa, na kwa reli hiyo ulikuja unga wa mahindi kutoka Rhodesia. Union Minière ilikusanya wafanyakazi kutoka pande nyingi, watu waliozoea mtama, ulezi au muhogo, ikawawekea chakula kimoja cha kupimwa: posho. Neno hilo liliingia hata katika kuhesabu siku, Jumamosi ikaitwa siku ya posho. Bukari nyeupe ya mahindi tunayoiona kama urithi wa babu zetu ni, kwa sehemu kubwa, urithi wa kambi za migodi. Na hadi leo tunaishi na matokeo yake: Zambia ikizuia mahindi yake yasivuke Kasumbalesa, bei ya unga inapanda na kila nyumba ya mji inaumia. Mgeni akiambiwa hayo anapoosha mikono, ataelewa Katanga kuliko akisoma kurasa ishirini juu ya shaba.

Chakula cha kambi ni upande mmoja wa sahani yetu. Upande wa pili umetoka porini, nao ndio unaofichwa zaidi, labda kwa sababu tunauonea haya mbele ya wageni. Vinkubala ni viwavi wanaokula majani ya miti ya pori letu, kama vile mutondo na mutobo. Wanakaushwa, wanakaangwa kwa kitunguu na nyanya. Bowa, yaani uyoga, wanauzwa kando ya barabara katika majira ya mvua, na kati yao umo ule mkubwa wa vichuguu, ambao kofia yake inaweza kufikia upana wa mita moja. Chikanda, ambayo wengine wanaiita kikanda, inatengenezwa kwa viazi vidogo vya mimea ya okidi vilivyotwangwa, vikachanganywa na unga wa karanga, chumvi na pilipili, vikapikwa hadi kushikana, kisha ikakatwa vipande kama mkate. Munkoyo ni kinywaji cha mahindi kinachopata utamu wake kutokana na mizizi inayotiwa ndani ya uji: mizizi hiyo ndiyo inayogeuza wanga kuwa sukari. Hakuna kimoja kati ya hivi ambacho mgeni atakila Kinshasa na kudai kwamba amekula cha kwao.

Wenzetu wa sayansi za mimea wametutangulia. François Malaisse, aliyefundisha katika chuo hiki, alitoa mwaka 1997 kitabu kizima juu ya namna watu wanavyojilisha katika pori la miombo. Mwaka 2017 De Kesel, Kasongo na Degreef walitoa kitabu juu ya uyoga wa kuliwa wa Haut-Katanga. Wanabotania hao walilazimika kukusanya majina ya lugha zetu kabla ya kufika kwenye majina ya Kilatini. Kazi ya lugha wameifanya watu wa miti, na watu wa lugha tumekaa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na sitaki kulipita haraka. Tukiviandika vyakula hivi na kuwaita wageni wavile, je, hatutavimaliza? Swali hili lina mfano wake katika historia yetu wenyewe. Katika mto Luapula na ziwa Moero kulikuwa na samaki aitwaye mpumbu. Kila mwaka alipanda mto kwa wingi kwenda kutaga mayai. Wafanyabiashara Wagiriki waliokaa Kasenga walinunua samaki wa huko na kuwaleta Elisabethville, kwa kuwa mji wa migodi ulikuwa na njaa kubwa. Mpumbu alinaswa kwa nyavu akiwa bado na mayai tumboni, na ilipofika miaka ya 1950 alikuwa karibu amekwisha. Aliyemmaliza ni mlaji wa mjini, ambaye hakujua samaki huyu anatoka wapi wala anazaa lini.

Chikanda iko kwenye njia hiyo hiyo. Anayechimba kiazi cha okidi anaua mmea wote. Mahitaji ya Zambia yamekuwa makubwa kiasi kwamba viazi hivyo vinaagizwa hata kutoka nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, na hifadhi ya Kitulo, iliyotangazwa huko kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, iliwekwa hasa kwa ajili ya maua yake. Nayo miti ya vinkubala na bowa inakatwa kila siku ili kupata makala, yale ya kupikia, si haya unayosoma. Mutondo ukianguka, kiwavi anakosa majani, na aina nyingi za uyoga unaoishi na mizizi ya miti ya pori hili zinakosa mwenzao. Hapo hasara inaingia mara mbili kwa shoka moja.

Lakini tazameni vizuri: hatari hii hailetwi na jina, inaletwa na ulaji usio na jina. Anayekula chakula cha kienyeji hana la kuuliza. Anayekula chikanda anaweza kuambiwa kwamba ni okidi, inatoka nyanda fulani, na mwaka huu ni haba. Basi aonje kipande kimoja, wala asinunue mfuko wa kupeleka kwao. Anaweza kuambiwa kwamba sombe, matembele na lengalenga vinalimwa na vinaota upya, hivyo ale ashibe. Jina likiandikwa pamoja na majira yake na chimbuko lake, linatupa hata uwezo wa kumwambia mgeni hapana. Leo tuna vyakula ambavyo majina yao hayajaandikwa mezani. Tukichelewa tutakuwa na majina yasiyo na vyakula, kama mpumbu, ambaye vijana wengi wa mji huu wanamjua, kama wanamjua, kwa kumsikia tu kwa wazee.

Kwa hiyo napendekeza jambo dogo, lisilohitaji bajeti. Kila mwanafunzi anayeingia mwaka wa mwisho aandike kadi kumi za chakula. Aende soko la Kenya, soko Mzee Kabila, au kando ya barabara ya Kasenga wakati wa mvua. Anunue kwanza, kisha aulize kwa heshima, maana mama anayeuza yuko kazini. Kila kadi iwe na jina la Kiswahili cha Lubumbashi, jina la Kibemba, Kisanga, Kilamba au Kiluba, kitu chenyewe ni nini, kinatoka wapi, majira yake, namna ya kukipika, na kama bado ni kingi au kimepungua. Walimu wetu wasahihishe tahajia, maana hata kati ya chikanda na kikanda hatujakubaliana. Wenzetu wa sayansi za mimea watuongezee majina ya Kilatini. Kadi hizo zikifika mia mbili, tuzipeleke kwa wenye restora bila malipo, kwa sharti moja: wasibadilishe majina.

Kwa wale wanaosema Kiswahili chetu hakina istilahi: istilahi ziko sokoni, zimepangwa juu ya meza, na zinaanza kuuzwa alfajiri. Kilichobaki ni sisi kwenda na kalamu kabla hazijaisha.