Ukiagiza mashine ya kizunguzungu, agiza na onyo lake

Mwezi uliopita nilikuwa Rusumo nikingoja vitenge vyangu vitoke forodhani. Mfanyabiashara mmoja tunayefahamiana akaniita kwenye lori lake, akafunua turubai. Ndani mlikuwa na viti vinne vya kutikisika, skrini kubwa na miwani.

“Mzee, hii ndiyo Marekani yenyewe,” akasema. “Mtu anakaa, anaruka mbinguni, anashuka, analipa.”

Nikamuuliza kibao cha onyo kiko wapi. Akacheka. “Kibao cha nini, mzee? Hiki ni kiti tu.”

Ndugu msomaji, mimi ni mmoja wa hao mnaowaita “waliorudi”. Mwaka 2018, kabla sijarejea, mpwa wangu alinipeleka Epcot, katika viwanja vya Walt Disney World huko Florida. Kuna mchezo uitwao Mission: SPACE, uliofunguliwa mwaka 2003. Unafungiwa na wenzako watatu katika chumba kidogo chenye skrini mbele yako, na mashine kubwa inawazungusha kwa kasi kama zile wanazofanyia mazoezi wanaanga. Mwili unakandamizwa hadi ujione mzito zaidi ya mara mbili. Humo ndani wameweka hata mifuko ya kutapikia.

Mimi nina presha na nameza vidonge kila asubuhi. Mlangoni nikasoma kibao: mwenye presha, mwenye ugonjwa wa moyo, mgongo au shingo, na mama mjamzito, wasipande. Nikatoka kwenye foleni. Mpwa wangu akanicheka: “Mjomba, wewe uliyelala juu ya malori ya magendo unaogopa kiti?”

Nikaona aibu, nisifiche. Lakini mhudumu hakuniuliza neno. Alinipa kadi ya kijani, nikaingia upande wa pili ambako chumba kinainama na kutikisika bila kuzungushwa. Nikafurahi, nikatoka na miguu yangu.

Upande huo wa kijani haukuwapo tangu mwanzo. Juni 2005 mtoto wa miaka minne alifariki baada ya kupanda mchezo huo. Aprili 2006 akafariki mama wa miaka 49 kutoka Ujerumani. Mtoto alikutwa na ugonjwa wa moyo. Mama alivuja damu kwenye ubongo, naye alikuwa na presha. Upande usiozunguka ulianza Mei 2006. Mamilioni wamepanda wakatoka salama, hilo ni kweli. Lakini kwa wale wachache, kibao kile ndicho tofauti ya uhai na msiba.

Najua viti vinne vya rafiki yangu si mashine ya Florida. Havimzidishii mtu uzito. Hata hivyo vinarusha shingo na mgongo, na vinaudanganya mwili: macho yanasema unaanguka, sikio la ndani linasema umekaa. Hapo ndipo kichefuchefu na kizunguzungu huanza.

Watakaonibishia watasema watu wetu wamezoea barabara mbovu. Sawa, lakini kwenye barabara mbovu shimo unaliona, na dereva ukimpigia kelele anasimama. Tena wangapi kati yetu tumepimwa presha mwaka huu? Mama anayeamka saa tisa usiku kubeba ndizi kuvuka mpaka hana nafasi ya kwenda zahanati. Jumapili mwanawe atamwambia, “Mama, panda na wewe,” naye atapanda ili asionekane mshamba.

Kwa hiyo nawaomba wanaoingiza mashine hizi mambo matatu. Kwanza, onyo liandikwe kwa Kiswahili na Kinyarwanda, kwa herufi kubwa, na asiyejua kusoma asomewe. Pili, anayeendesha awaangalie wateja usoni, mkono wake ukiwa karibu na swichi ya kuzimia. Tatu, anayebadili nia arudishiwe pesa yake bila kuchekwa.

Nasi tuliorudi tuna lawama yetu. Tukikaa barazani tunasimulia kasi na kelele, tunaacha kusimulia kibao. Vijana wakadhani ng’ambo ni ujasiri mtupu, kumbe kule nako mtu mzima hutoka kwenye foleni akapewa kadi nyingine bila maneno.

Rafiki yangu alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akachomoa risiti ya mizani, akaigeuza, akanipa kalamu. “Basi niandikie hayo maneno, mzee. Ila yawe mafupi, wateja wasikimbie.”

Nikamwandikia mistari minne. Akaikunja, akaitia mfukoni pamoja na karatasi za forodha. Naomba siku ya kufungua biashara isibaki mfukoni.