Joto Linalotupwa Si Joto la Bure

Katika viwanda vya saruji na sukari, na katika mitambo ya umeme wa mvuke, joto jingi huishia hewani au katika maji ya kupozea. Sehemu yake iliyo chini ya nyuzi 100 za Sentigredi haifai kuendeshea mashine za mvuke za kawaida. Baadhi ya watafiti wanapendekeza igeuzwe hidrojeni kwa njia ya chumvi. Maoni yangu ni kwamba jambo hili lastahili kufundishwa shuleni, lakini kwa hesabu, si kwa nderemo.

Msingi wake si mgeni. Mwaka 1954 Mwingereza R. E. Pattle alionyesha kwamba maji ya chumvi na maji matamu yakikutanishwa kupitia tando maalumu, umeme hupatikana. Tando hizo ni za aina mbili, nazo hupangwa kwa kupokezana: moja hupitisha ioni chanya, kama za sodiamu, nyingine hupitisha ioni hasi, kama za kloridi. Kwa maji ya bahari na ya mto, jozi moja hutoa takribani volti 0.15. Kuyatenganisha maji yawe hidrojeni na oksijeni kwahitaji angalau volti 1.23. Basi jozi 9 ndizo za chini kabisa. Na kwa sababu ya upotevu katika tando na elektrodi, zahitajika nyingi zaidi.

Joto laingia wapi? Mimumunyo miwili ikikwisha kulingana, umeme hukoma. Joto ndilo huvukiza maji, mvuke ukapozwa na kukusanywa, na tofauti ya chumvi ikarejea. Chumvi haipungui, kinachotumika ni joto, pamoja na maji yanayogeuzwa hidrojeni.

Wako wasemao kwamba joto hilo ni la bure. Sikubaliani nao. Kanuni aliyoiasisi Mfaransa Sadi Carnot mwaka 1824 haina upendeleo: joto la nyuzi 80, katika mazingira ya nyuzi 30, haliwezi kutoa kazi zaidi ya asilimia 14 hivi. Kilo moja ya hidrojeni yahitaji angalau kilowati-saa 33 za umeme, yaani zaidi ya kilowati-saa 230 za joto, hata kama mtambo hauna kasoro yoyote. Tena tando zina gharama, nazo huchakaa.

Kwa hiyo penye mtumiaji wa joto jirani, apewe joto lenyewe. Huko Naivasha, joto la ardhini limekwisha kutumiwa kupasha mabanda ya maua. Kuligeuza kwanza hidrojeni kungekuwa israfu. Lakini joto halisafiri mbali, wala halihifadhiki kwa urahisi. Hidrojeni huhifadhika, na ndiyo malighafi ya amonia, mama wa mbolea. Pasipo na mtumiaji jirani, ndipo njia hii ipewe nafasi.

Walimu wasingoje mitambo ya kigeni. Vijiti viwili vya shaba, mimumunyo miwili ya mrututu, mmoja mzito na mmoja mwepesi, na karatasi ya chujio iliyoloweshwa nitrati ya potasiamu kuiunganisha: hivyo vyatosha kupima milivolti zitokanazo na tofauti ya mimumunyo peke yake. Mwanafunzi aliyezipima kwa mkono wake, kisha akaikokotoa asilimia ya Carnot, hatadanganywa kesho na muuzaji wa mitambo.